Wamiliki Milioni Tano, na Hakuna Aliyeulizwa

Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2020, watu zaidi ya milioni 5 nchini Kanada walipata habari kwamba duka lao limeshapatiwa mnunuzi. Mountain Equipment Co-op, ambayo huko kila mtu huiita MEC, ilikuwa ushirika wa kuuza vifaa vya mlimani na porini: mahema, mabegi ya mgongoni, buti, kamba za kupandia miamba, majaketi ya mvua, kayaki. Bodi ilitangaza kwamba mali ya ushirika inakwenda kwa Kingswood Capital Management, kampuni ya uwekezaji ya Los Angeles. Mkutano mkuu haukuitishwa, na kura haikupigwa.

Mtu yeyote mwenye hisa katika SACCO au chama cha mazao anajua swali lililofuata, kwa sababu ndilo ambalo angeliuliza yeye: mali ya wanachama inauzwaje bila wanachama kuulizwa? Jibu liko katika mafungu mawili. La sheria ni fupi, linaelezeka kwa aya mbili. La hesabu ni refu, na ndilo lililoifikisha MEC mahakamani.

MEC ilianza ndani ya hema. Mwaka 1970 wanafunzi wapanda milima kutoka Vancouver walikwama kwa dhoruba kwenye Mlima Baker, upande wa Marekani, na mazungumzo yakaishia kwenye kero ya siku zote: vifaa. Vancouver hapakuwa na duka la maana kwa mtu wa milima. Waliohitaji kamba nzuri au shoka la barafu walivuka mpaka hadi Seattle, kwenye duka la REI, kisha wakarudi wakibishana na forodha. REI yenyewe ilikuwa ushirika. Ilianzishwa mwaka 1938 na Lloyd na Mary Anderson pamoja na wapanda milima wenzao, baada ya Lloyd kugundua kwamba shoka la barafu likiagizwa moja kwa moja kutoka Austria linagharimu kidogo sana kuliko la mfanyabiashara wa mjini. Wakanada wakaona: kama wao wameweza, sisi je? Mwaka 1971 watu sita wakasajili ushirika wao. Kiingilio kilikuwa dola 5 za Kanada, mara moja kwa maisha.

Hizo dola 5 nataka tukae nazo kidogo, maana hadithi nzima imo ndani yake.

Mwaka 1971 dola 5 ilikuwa hela. Kwa thamani ya mwaka 2020 ingekuwa zaidi ya dola 30. Lakini miaka 49 ilipita na kiingilio kikabaki pale pale, dola 5. Ulikwenda kununua soksi, ukalipa dola 5 juu yake, ukatoka mlangoni ukiwa mmiliki. Ndiyo maana idadi ya wanachama ilifika mamilioni katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 40. Sasa zidisha: watu milioni 5 mara dola 5 ni dola milioni 25. Huo ndio mtaji ambao wamiliki wote, kwa pamoja, walikuwa wameutoa mfukoni kama kiingilio, kuendesha biashara ambayo katika mwaka ulioishia Februari 2019 iliuza bidhaa za dola milioni 462.

Kampuni ya kawaida ikipungukiwa mtaji ina njia. Inatafuta mwekezaji, inamuuzia hisa, naye anatoa fedha akitumaini hisa zitapanda. Hisa ya ushirika haipandi. Bei yake imefungwa kwenye katiba, na mwenye hisa moja na mwenye hisa mia wote wana kura moja. Nani mwenye milioni 50 ataziweka mahali ambapo sauti yake inalingana na ya mtu aliyenunua soksi? Hilo ndilo jambo zuri la ushirika, na siku ya dhiki ndilo linaloubana.

Kwa hiyo ushirika wa aina ile una visima vitatu tu vya fedha. Cha kwanza ni viingilio, ambavyo tumeona. Cha pili ni ziada, yaani kile kinachobaki baada ya mauzo na gharama. MEC ilikuwa na utaratibu wa kugawa ziada kwa wanachama kadiri ya walivyonunua, lakini mgao ule uliandikwa kama hisa kwenye akaunti ya mwanachama na fedha yenyewe kwa sehemu kubwa ikaendelea kuzunguka dukani. Ni mpango mzuri ilimradi ziada ipo. Cha tatu ni benki.

Kwa miongo kadhaa kisima cha pili kilitosha. Duka la Calgary lilifunguliwa mwaka 1977, miji mingine ikafuata, na kufikia mwaka 2020 kulikuwa na maduka 22. Kadiri miji ilivyoongezeka, ndivyo mteja alivyobadilika. Wapanda miamba ni wachache popote duniani. Wanaotaka jaketi la kusubiria basi kwenye mvua ya Vancouver ni wengi mno. MEC ikaanza kuuza baiskeli, viatu vya mbio, nguo za yoga. Mwaka 2013 ikaufuta mlima kwenye nembo yake na kubakiza herufi tatu ndani ya mraba wa kijani. Wakongwe walichukia, na hadi leo ukimuuliza mwanachama wa zamani MEC iliharibikia wapi, wengi wataanza na nembo.

Mimi naona wanamwonea mchoraji. Kupanua biashara halikuwa kosa lenyewe. Shida ilikuwa kule ilikopanukia. Kamba ya kupandia mwamba huinunui kwa bei tu. Unataka muuzaji aliyewahi kuning'inia kwenye kamba kama hiyo, akwambie ipi inafaa na ipi itakukatisha. Hapo MEC haikuwa na mpinzani wa kweli nchini. Kiatu cha mbio ni habari nyingine. Unakijaribu dukani, unatazama namba ya saizi, unatoa simu mfukoni, unakiagiza kwingine kwa bei ya chini kabla hujafika kwenye gari. MEC ilitoka uwanja iliokuwa na ujuzi adimu ikaingia uwanja ambao Amazon, maduka makubwa ya michezo na watengenezaji wenyewe walikuwa wanauza kitu kile kile. Mwaka 2018 Decathlon ya Ufaransa ikafungua duka lake la kwanza Kanada, huko Quebec, na Decathlon kwa bei haichezewi. Wakati huohuo kampuni kama Arc'teryx, ambayo kwao ni North Vancouver, mlango wa pili tu, zilikuwa zinafungua maduka na tovuti zao na kumfikia mteja bila kupitia kwa mtu.

Kinachofuata ni hesabu ambayo mwenye duka la nguo Kariakoo au Gikomba ataielewa kabla sijaimaliza.

Vifaa vya nje ni biashara ya misimu. Jaketi la baridi linaagizwa kiwandani miezi mingi kabla theluji haijaanguka. Fedha inatoka leo, jaketi linafika baadaye, mauzo yanakuja baadaye zaidi. Pengo hilo huzibwa na mkopo wa benki unaopanda na kushuka, na dhamana yake ni bidhaa zilizomo ghalani. Theluji ikichelewa, au mteja akinunua kwingine, jaketi linabaki. Mwezi wa pili unalipunguza bei ili lipishe mahema ya kiangazi. Ukilipunguza, faida imekwisha. Usipolipunguza, limeikalia fedha yako. Na hapa pana uchungu ambao watu wengi hawauoni: benki haihesabu jaketi kwa bei ya kwenye lebo. Inahesabu lingeuzwa kwa shilingi ngapi kama lingepigwa mnada kwa haraka. Kadiri bidhaa zinavyozeeka ghalani, dhamana inasinyaa, na kiasi unachoruhusiwa kukopa kinasinyaa nayo, wakati ule ule ambao unahitaji kukopa zaidi.

Gharama za kudumu nazo hazikusubiri. Mwaka 2014 MEC ilihamia makao makuu mapya Vancouver, jengo la mbao lililosifiwa na wasanifu, na baadaye maduka makubwa mapya yakafunguliwa Toronto na Vancouver kuchukua nafasi ya yale ya zamani. Kila moja ya hatua hizo ina utetezi wake. Zikiwekwa pamoja, katika miaka ambayo wateja wanahamia kwenye simu, zinakuwa mzigo wa pango, umeme na mishahara usiojali kama leo umeuza au hukuuza.

Mwaka ulioishia Februari 2019, yale mauzo ya dola milioni 462 yalileta hasara ya takriban milioni 11.5. Mwaka uliofuata hasara ilikuwa kama milioni 22.7. Jumla ni milioni 34. Rudi sasa kwenye ile milioni 25. Miaka miwili ilitosha kumeza zaidi ya viingilio vya kila mwanachama aliyewahi kujiunga tangu siku ya hema. Ilikuwa imekula mtaji, kama tunavyosema, na kisima kilichobaki kilikuwa cha tatu.

Machi 2020 maduka yakafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, bidhaa za masika zikiwa zimeshaagizwa. Kiangazi kile watu waliochoka kukaa ndani walikimbilia nje kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na baiskeli zikaadimika Amerika ya Kaskazini nzima. Ungefikiri huo ndio ungekuwa wokovu wa duka la namna hii. Lakini wateja kuwa na hamu hakumsaidii mwenye duka ambaye benki imeshamshika mkono asiagize zaidi.

Sasa lile fungu la sheria.

Chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya British Columbia, ushirika hauwezi kuuza biashara yake yote bila azimio maalumu la wanachama. Kwa hiyo waliosema "tulitakiwa kupiga kura" hawakuwa wanaota. Ila Kanada ina sheria nyingine ya shirikisho, Sheria ya Mapatano kati ya Kampuni na Wadai Wake, ya mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Inampa mdaiwa mwenye deni linalozidi dola milioni 5 nafasi ya kwenda mahakamani, kuzuia wadai wasimvamie, na kutafuta njia. Kifungu chake cha 36 kinasema wazi kwamba mahakama inaweza kuruhusu mali iuzwe hata kama idhini ya wenye hisa haikupatikana, na hata kama sheria ya mkoa inaidai idhini hiyo. Dola 5 zilikuingiza uanachama, na deni la dola milioni 5 likafungua mlango wa kukutoa bila kuulizwa.

Kwa nini sheria ikae hivyo? Kwa sababu ya foleni. Biashara ikishindwa kulipa, wa kwanza kupokea ni mkopeshaji mwenye dhamana, kisha wadai wengine, na mwenye hisa yuko mkiani. Kama mali haitoshi hata kumfikia, sheria inamwona kama mtu asiye na kitu cha kupoteza tena, na kumpa kura ya turufu ni kumruhusu achezee fedha ya wengine. Kwa kampuni ya kawaida hoja hiyo haina kasoro kubwa, maana mwenye hisa aliingia kwa ajili ya faida. Kwa ushirika inakwaruza. Mwanachama wa MEC hakujiunga ili apate faida. Alichokuwa anamiliki ni mahali na namna ya kufanya biashara, kitu ambacho hakina safu kwenye daftari la mfilisi. Mahakama haikuwa na chombo cha kukipima, wala sidhani ingeweza kuwa nacho.

Wanachama walijaribu. Kampeni ya kuiokoa MEC ilikusanya saini zaidi ya 100,000, ikachangisha fedha za mawakili, ikaiomba Mahakama Kuu ya British Columbia isogeze mauzo mbele ili wanachama watafute mpango mbadala. Jaji Shelley Fitzpatrick hakukubali, na mwanzoni mwa Oktoba 2020 akaidhinisha mauzo. Mnunuzi alikuwa ameahidi kubaki na maduka yasiyopungua 17 kati ya 22 na robo tatu ya wafanyakazi. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na saini. Saini hazilipi mishahara ya Ijumaa, na jaji hana ruhusa ya kujifanya zinalipa.

Lakini turudi nyuma zaidi, maana kwangu kosa la kuuma halikufanyika 2020. Mwaka 2012 wanachama waliidhinisha mabadiliko ya kanuni yaliyoipa bodi uwezo wa kuchuja nani agombee ujumbe wa bodi. Hoja ilikuwa ya busara: biashara ya mamia ya mamilioni inahitaji watu wanaojua hesabu, sheria na mitandao, siyo kila mpanda milima mwenye maneno matamu. Matokeo yake ni kwamba bodi ikawa mlinzi wa mlango wake yenyewe. Waliopiga kura katika chaguzi zake walikuwa sehemu ndogo mno ya wenye haki ya kupiga. Tunao msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. MEC daftari lilikuwepo. Taarifa za fedha zilitolewa kila mwaka, hasara ikiwa imeandikwa humo, na wenye mali hawakuzifungua.

Sisemi hivyo kwa kujitoa. Mimi ni mwanachama wa SACCO, na mara ya mwisho nilipohudhuria mkutano mkuu nilikwenda kwa sababu niliambiwa kuna pilau. Kitabu cha hesabu nilikitumia kujipepea.

Na si kwamba wanachama wale hawakuwa na nguvu. Mwanzoni mwa 2018, baada ya mauaji ya wanafunzi huko Parkland, Florida, ilibainika kwamba chapa kadhaa zilizouzwa MEC, kama chupa za maji za CamelBak, ni mali ya Vista Outdoor, kampuni ambayo pia ilitengeneza bunduki na risasi. Wanachama walikusanya saini, na baada ya siku chache tu MEC ikatangaza kutoagiza tena bidhaa zao. REI nayo ilisimamisha maagizo yake. Kumbe sauti ilikuwepo, na bodi ilikuwa inasikia. Lakini ilipaa kwa ajili ya bunduki, jambo ambalo kila mtu ana msimamo nalo, na ikanyamaza kwa ajili ya kiwango cha mkopo na umri wa bidhaa ghalani, mambo ambayo hayana bango la kubeba barabarani. Miaka miwili na nusu baadaye saini zilikuja tena, nyingi zaidi, mbele ya mtu ambaye hakuwa na wajibu wa kuwafurahisha wateja.

Aliyekuwa mwalimu wao, REI, bado ni ushirika, ila hana raha. Ana wanachama zaidi ya milioni 24, na kiingilio amekipandisha hadi dola 30 za Marekani. Mwaka 2022 alipata hasara ya dola milioni 164.7. Mwaka 2023 ikawa milioni 311, na mwaka 2024 takriban milioni 156, mauzo yakiwa yameshuka hadi dola bilioni 3.53. Mwanzoni mwa 2025 alifunga kitengo chake chote cha safari na mafunzo na kuwaachisha kazi watu 428. Makao makuu mapya aliyoyajenga Bellevue aliyauza mwaka 2020 kabla hajayahamia, na hapo alikuwa mwepesi kuliko mwanafunzi wake.

Kuna jambo lilitokea REI majira ya masika ya 2025 ambalo nimelifuatilia kwa hamu kuliko hizo hasara. Kwenye uchaguzi wa bodi, wanachama waliletewa majina matatu yaliyokwisha kuchujwa, baada ya bodi kuwakataa wagombea walioungwa mkono na wafanyakazi waliojiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa kawaida kura ile hupita kimya kama sala ya kufungia kikao. Safari hii wanachama waliyakataa majina yote matatu. Hawakuwa na wa kumchagua badala yao, kwa sababu karatasi haikuwa na nafasi hiyo, lakini angalau daftari lilifunguliwa wakati bado kuna kurasa.

MEC, kisheria, haikufa siku ya mauzo. Biashara, jina, maduka na bidhaa vilikwenda kwa mnunuzi. Ganda lililobaki, lenye wanachama wake wale wale milioni 5, lilibadilishwa jina likawa 1077 Holdings Co-operative, ili kesi iendelee na wadai walipwe. Nadhani wengi wao hawajui hadi leo kwamba kwa muda fulani walikuwa wamiliki wa kitu kinachoitwa hivyo. Mwaka 2025 Kingswood nayo iliuza, na safari hii wanunuzi walikuwa wawekezaji wa Kanada. Magazeti yaliandika kwa furaha kwamba MEC imerudi nyumbani, na kwa habari ya uraia wa wenye hisa hilo ni kweli. Vibao vya mbele ya maduka havikuhitaji kuguswa wakati wowote katika haya yote. Mountain Equipment Co-op iligeuka Mountain Equipment Company, na herufi zake tatu zikabaki vilevile.